Pima Maji ya Bwawa Alfajiri na Alasiri

Mfugaji akiniambia samaki wamekufa ilhali maji yalipimwa yakaonekana mazuri, swali langu la kwanza huwa: yalipimwa saa ngapi? Mara nyingi jibu ni saa 4 asubuhi. Kipimo cha saa hiyo ni cha kweli, lakini hakigusi saa ya hatari.

Ukijani wa maji ni fitoplanktoni, vijimea vidogo sana. Mchana hutengeneza oksijeni na kutumia kaboni dioksaidi, hivyo oksijeni na pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) hupanda hadi alasiri. Giza likiingia uzalishaji husimama, ila samaki, vijimea vyenyewe na bakteria wa kwenye tope huendelea kupumua usiku kucha. Kwa hiyo oksijeni hushuka kabisa karibu na mapambazuko, na hapo ndipo utawakuta samaki wametoa midomo juu wakihema. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, usiwalishe; washa kipuliza hewa au ingiza maji mapya mara moja.

Alasiri ina shari yake. Kwenye maji ya nyuzi 25 za selsiasi, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia (itokanayo na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula) iliyo sumu haifiki asilimia 1. pH ikipanda hadi 9, huzidi theluthi. Amonia ni ileile, saa tu ndiyo imebadilika!

Kama huna vifaa, zamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikionekana vizuri, planktoni ni chache; kikipotea kabla maji hayajapita sana kifundo cha mkono, zimezidi. Kisha chota maji kwenye glasi angavu uyatazame dhidi ya mwanga. Vidoa vyeupe vinavyorukaruka ni zuplanktoni, vijidudu vidogo vya majini, chakula bora cha vifaranga vya samaki. Mimi hupenda sana kuviona. Ukiona ukungu wa kahawia usiotulia, huo ni udongo, na mkono wako ulikudanganya.

Msimu wa mvua ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Mawingu yakitanda siku kadhaa, vijimea havipati mwanga wa kutosha na akiba ya oksijeni ya usiku hupungua. Mvua kubwa ya baridi nayo hupoza maji ya juu, yakawa mazito na kuzama, na yale ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda. Punguza chakula siku hizo, na mbolea usiweke kabisa. Kwenye joto kali, kumbuka maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni kama miligramu 7.5 tu kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hushika kama 9. Wakati wa baridi samaki hula kidogo. Walishe kwa kadiri hiyo.

Maji ya kijani yakigeuka ghafla kuwa ya kahawia au kijivu, vijimea vimekufa kwa pamoja na vinapooza vinamaliza oksijeni. Hapo usisubiri alfajiri.

Andika vipimo viwili kila siku, cha kabla ya jua kuchomoza na cha saa 9 alasiri, kwenye ukurasa mmoja. Pengo kati yake likizidi kupanuka wiki hadi wiki, planktoni zinazidi uwezo wa bwawa: simamisha samadi, punguza chakula, na ubadilishe sehemu ya maji.