Barua kwa mwanangu aliyeniuliza niliwezaje

Langoni, Lamu

Mwanangu Mwanajuma,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma. Umesema nesi wa kliniki ya mwanao Aisha alikuuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyeugua saratani ya titi, ukamjibu kuwa ni mimi, mama yako. Akakuuliza alikuwa na umri gani, ukakosa jibu. Ndipo ukaniandikia: Mama, ulikuwa na miaka mingapi, uliwezaje na sisi wadogo vile, na mimi je?

Nilikuwa na miaka 36. Ilikuwa mwaka 2005. Wewe una mitano, nduguyo Athman ananyonya na hajafikisha mwaka.

Hilo la niliwezaje watu huniuliza hadi leo, tukikutana harusini wananishika mkono: bibi wewe jasiri. Huwa sijibu. Ujasiri sikuwa nao. Nililia chooni, bomba limefunguliwa ili baba yako asisikie, na bila shaka alisikia. Kilichonivusha ni mipango. Nani atalala na nani, nani atamlisha Athman, nani ana godoro la ziada Mombasa, nauli itatoka wapi. Watu waligawana kazi zangu, hofu wakaniachia mimi, na hofu peke yake niliiweza.

Kivimbe nilikigusa nikimnyonyesha Athman, kushoto, karibu na kwapa. Kigumu kama kokwa ya ukwaju, na hakiumi. Zahanati moja nikaambiwa ni maziwa yameganda, nikande kwa maji moto na mtoto anyonye zaidi upande ule. Nikakanda. Sasa wewe unanyonyesha, kwa hivyo lishike hili: maziwa yakiganda ziwa huuma na kupata joto, na baada ya siku chache hulainika. Kile hakikuuma wala hakikulainika. Uvimbe ukikaa wiki mbili haujaondoka, usikubali kuambiwa ukakande tena. Omba altrasaundi. Vivimbe vingi si saratani, ila hakuna anayejua kwa kubonyeza tu.

Aliyenitoa kunipeleka Mombasa ni shangazi yako Fatma, hakutaka kusikia la mtu. Mombasa wakachoma sindano, wakatoa kinyama, wakakipeleka maabara. Huku mtaani walisema ukichokozwa kwa sindano ndipo inapoenea. Si kweli. Bila kile kinyama daktari hajui ni ugonjwa gani wala dawa ipi itaufaa.

Baba yako aliniuliza swali moja tu: wanataka uende lini? Kisha akauza fungu lake la mashua aliyoshirikiana na ami yako. Hajawahi kunitajia, nami sijawahi kumshukuru kwa maneno. Kichwa cha samaki nyumbani mwetu ni chake, sasa unajua kwa nini.

Lililokuwa zito kuliko yote ni Athman. Daktari alisema dawa za kemo, zile za kuua saratani, hupita kwenye maziwa, kwa hiyo mtoto aachishwe kabla hatujaanza. Sisi ziwa hulipaka shubiri, mtoto tukamzoesha polepole. Mimi polepole sikuwa nayo. Athman alikataa chupa, akakataa kikombe, akatema uji, akapiga kelele mpaka majirani wakaingia. Mama mdogo wako Zainabu alikuwa na Nuru mchanga. Akamchukua Athman, akakaa kitandani, akampa ziwa bila kumwuliza mtu yeyote.

Hapo ndipo vita vilipoanza, kwa maana bibi yako alikuwa ameshaweka nia Athman na Nuru waoane wakikua. Alipopata habari alipiga ukelele: mumevunja ndoa! Akatuma mtu kwa sheikh, akajibiwa kuwa mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya akashiba mara tano, amekuwa mtoto wa yule mama, na Nuru ni dada yake. Athman alikuwa ameshapita hizo tano kabla ya Ijumaa. Bibi akanuna wiki nzima. Mimi nilicheka mpaka nikajishika mbavu, mara ya kwanza tangu nitoke Mombasa. Ndiyo maana Nuru hajifuniki mbele ya Athman. Uliwahi kuniuliza ukiwa darasa la nne, nikakwambia utajua ukikua.

Lakini usiku maziwa yalikuwa bado yananijaa. Mtoto wa jirani akilia, mimi nalowa kifua, na ziwa lenyewe lina tarehe ya kukatwa. Kisu hakikuniuma vile.

Unakumbuka kupelekwa Matondoni kwa bibi ukidhani tumekuficha. Hatukukuficha. Kabla hujapanda mashua nilikuweka mapajani nikakwambia: ziwa la mama lina ugonjwa, unaitwa saratani, daktari atalikata, nywele zitanyonyoka kisha zitaota. Ukaniuliza kama ni kwa sababu ulinigonga kwa kichwa tulipokuwa tukicheza. Nikakwambia hapana. Kesho yake nikakwambia tena, maana uso wako haukuamini. Jirani alinilaumu, eti mtoto haambiwi mambo hayo. Usingeambiwa, ungekaa Matondoni unasuka ukili na bibi huku unaamini umemuua mama yako.

Safari zenyewe usiniulize sana. Boti mpaka Mokowe, basi, vumbi la Witu na Garsen, lami hakuna wakati ule, askari na bunduki ndani ya basi kwa ajili ya mashifta, majambazi wa njiani, na mimi na mfuko wa kutapikia. Kemo ilikuwa kila wiki tatu. Moja ni dawa nyekundu, na mkojo nao hutoka mwekundu; nesi alinionya mapema, la sivyo ningekufa kwa kiwewe. Samaki akikaangwa nyumba ya tatu nilikuwa nasikia harufu. Nililamba ndimu na barafu, nikanywa uji mwepesi.

Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto nilimwita Zainabu anyoe zote. Wa buibui tuna nafuu hapo, nje hakuna aliyejua. Kifua ndicho kilichohitaji akili. Nilishona mfuko wa kitambaa laini, nikatia pamba, na choroko kidogo ziupe uzito, maana bila uzito unatembea umeinama upande.

Bibi yako aliniletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya mawaridi. Nililinywa, na kemo nikaenda. Sikuona ugomvi kati yake. Mizizi ya kuchemsha niliyoletewa na mwengine niliikataa, kwa sababu daktari alisema dawa zile tayari zinalitesa ini, na hakuna ajuaye mizizi ile ina nini. Yule mtu hajanisamehe hadi leo. Haya.

Mionzi ilibidi niende Nairobi. Katika hospitali za serikali ilikuwa Kenyatta peke yake wakati huo. Unachomwa Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache, kisha unangoja kesho. Nilikaa Pumwani kwa jamaa wa baba yako waliokuwa hawanijui, wakanipa chumba cha mtoto wao. Baada ya hapo ni tembe za tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano, maana uvimbe wangu ulikuwa ukilishwa na homoni za kike. Hedhi ilikatika na kemo, haikurudi. Joto lilinipanda kwenye baridi ya Julai. Uliwahi kulalamika kwamba huna mdogo wa kike. Basi sababu ndiyo hiyo. Mengine ya mimi na baba yako hayaandikwi, ila alinitazama kama alivyokuwa akinitazama.

Sasa, na wewe je.

Usianze kujizika. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya titi, 5 hadi 10 tu ndio walioirithi kwa jeni yenye kasoro, na zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, wa kike na wa kiume sawa. Kwa hivyo Athman naye hili linamhusu, kwa ajili yake na binti zake, na nitamwambia mimi mwenyewe. Mama yangu hakuugua, Zainabu hajaugua. Mimi sijapimwa jeni. Ukipata daktari anayeweza kutuelekeza, nitatoa damu yangu kwanza, maana kumpima aliyeugua ndiko kunakoleta jibu la maana.

Kuna hesabu ambayo madaktari wengi huifuata: mama akiugua mapema, binti huanza kuchunguzwa miaka kumi kabla ya umri ule. Toa kumi kwenye 36. Wewe ulitimiza 26 mwezi wa Machi. Rudi kwa yule nesi, mpe umri wangu, mwambie akuandikie barua kwa daktari wa matiti. Kunyonyesha hakuzuii kupimwa. Ziwa la kijana, tena lina maziwa, ni zito na mamogramu, ile eksirei ya matiti, hailioni vizuri; pengine watakuanzia altrasaundi. Mnyonyeshe Aisha kabla hujaingia chumbani, upimwaji huwa mwepesi. Na usimwachishe ziwa kwa hofu. Mimi niliachisha kwa amri ya daktari mwenye majibu mkononi, wewe huna majibu yoyote bado.

Bima pia. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na wengi walidhani wamehamishwa bila kujisajili. Angalia kama umesajiliwa na kama mchango wa mumeo umelipwa. Sisi tuliuza mashua. Wewe na Hamisi hamna mashua.

Mumeo mwambie leo, kabla hujalala. Umeniandikia kuwa hutaki kumtia wasiwasi. Mtie. Kisha mpe kazi: atafute daktari, ashike foleni, aulizie bei. Nimewaona wanaume wakikaa na hofu mikono mitupu, hawapendezi.

Ukipata tarehe niambie nitangulie siku mbili, nikae na Aisha. Baba yako anaweza kujipikia, anajifanya tu hajui. Nitakuja na basi la asubuhi. Siku hizi ni lami mpaka Mokowe. Nitaleta ukwaju na zile achari za maembe ulizotaka. Athman asitumwe kunipokea stendi ya Mombasa. Atachelewa, mimi nimeketi juu ya ndoo ya achari, watu wote wa Mwembe Tayari wananiamkia.

Mama yako