Kwa nini pikapu inakunywa mafuta zaidi kwenye baridi, na nini cha kufanya

Kila ikiingia Novemba hapa Edmonton, jimbo la Alberta, Canada, simu zinaanza, kaka gari yangu imeanza kunywa mafuta vibaya sana, tenki lilikuwa linanifikisha wiki nzima sasa hivi Alhamisi niko sheli tena, nimpelekee fundi gani? Na wengi wanaopiga ni ndugu zetu waliofika juzijuzi, wamejibana wakapata pikapu iliyotumika kwa ajili ya kazi za ujenzi au kwa sababu kazi iko nje ya mji ambako basi halifiki, na kila dola ina kazi yake maana nyumbani kuna watu wanasubiri. Ndiyo maana nimeona niandike yote mahali pamoja. Mara nyingi gari haiumwi, ni baridi tu, ila baridi inakula mafuta kwa njia nyingi kwa mpigo, na ukizijua unaweza ukaokoa hela nzuri tu bila kubadilisha kifaa chochote.

Mimi naendesha Ford F-150, V8, fo-wili. Kiangazi kwenye mizunguko yangu ya kawaida dashibodi inasoma lita 13 hivi kwa kilometa 100. Januari, mizunguko ile ile, ni 17 au 18, na zile wiki za baridi kali inapita hapo. Kwa hiyo ukiona yako imepanda namna hiyo usishtuke. Wizara ya nishati ya Marekani inasema gari ya petroli mjini kwenye nyuzi −7 umbali unaopata kwa mafuta yale yale unapungua kama asilimia 15 ukilinganisha na nyuzi 25, na kama safari zako ni fupi, zile za kilometa 5 au 6, inaweza kufika 24. Sasa hiyo ni −7. Hapa kwetu −7 mwezi wa kwanza ni siku nzuri, watu wanatoka kutembea. Hata kile kibandiko cha matumizi ya mafuta kwenye magari mapya ya Canada, tangu matoleo ya 2015 wanapima na kwenye baridi, lakini baridi yenyewe ya kipimo ni hiyo hiyo −7, kwa hiyo ikishuka −30 usitegemee kibandiko kikuambie ukweli.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni zile kilometa za kwanza. Gari ikilala nje usiku wa −30, asubuhi kila kitu ndani yake kiko −30. V8 ina chuma kingi na oili lita 7 au 8, vyote hivyo lazima vipate moto, na moto hautoki kwingine zaidi ya petroli uliyonunua. Petroli ikiwa baridi hivyo haigeuki mvuke vizuri, na kinachowaka ndani ya silinda ni mvuke, kwa hiyo kompyuta ya gari inaongeza mafuta makusudi ili huo mvuke utoshe, inaendelea hivyo mpaka injini ianze kupata joto. Oili nayo imekuwa nzito, pampu inaisukuma kwa taabu. Hapo watu wengi wanaishia kuifikiria injini peke yake, lakini pikapu ya fo-wili ina gia boksi, ina transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma, ina difu ya mbele na difu ya nyuma, kila kimoja na oili yake, na oili ya difu hata kiangazi ni nzito, sasa fikiria kwenye −30. Gia boksi otomatiki ikiwa baridi inachelewa kupanda gia za juu, na ile klachi yake ya ndani inayobana ili nguvu isipotee inachelewa kufunga, kwa hiyo injini inazunguka haraka na sehemu ya nguvu inaishia kukoroga oili tu. Na zile akili za kubana mafuta ambazo magari ya siku hizi yanazo, kuzima baadhi ya silinda, kuzima injini kwenye taa nyekundu, zote zinakaa pembeni mpaka injini ipate moto.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, siku ya baridi kali futa ile hesabu ya safari kwenye dashibodi kabla hujatoka, alafu iangalie ukiwa umesimama kwenye taa. Mimi nikitoka nyumbani kilometa ya kwanza inasoma lita 30 na kitu kwa kilometa 100. Usukani mzito, shokomzoba hazibonyei, tairi zinadunda kwa sababu upande uliolalia chini umeganda bapa. Nikiingia barabara kubwa ya Whitemud Drive inaanza kushuka taratibu, 26, 23, 20. Mshale wa joto la injini unafika katikati, lakini ukifungua ukurasa wa joto la gia boksi bado uko chini kabisa, huo unachukua muda mrefu zaidi, na mpaka upande ndipo unasikia gari imelegea, inateleza yenyewe. Sasa mtu ambaye kazi yake iko kilometa 4 kutoka nyumbani hafiki hapo hata siku moja. Anaendesha gari baridi asubuhi, gari baridi jioni, miezi mitano.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kuunganisha safari. Usimpeleke mtoto shule ukarudi nyumbani, saa nne ukatoka kwenda dukani, saa saba ukaenda benki. Hizo ni safari tatu za gari baridi. Toka mara moja, nenda kwanza sehemu ya mbali kuliko zote ili gari ipate moto sawasawa, alafu zile za karibu zimalizie wakati wa kurudi, maana ukisimama dukani nusu saa bado injini ina joto. Kwa kweli hili peke yake ndilo lililonipa mabadiliko makubwa kuliko kitu kingine chochote.

Sasa tuje kwenye kupasha gari moto. Najua ukiwa dirishani na rimoti mkononi, nje −28, inavutia sana kubonyeza na kuiacha iungurume robo saa. Lakini gari iliyosimama inakunywa bila kwenda popote. Kadirio la hiyo wizara ya Marekani ni kama lita 1 mpaka 2 kwa saa kutegemea ukubwa wa injini, na V8 usiiweke upande wa chini. Robo saa asubuhi na robo saa jioni ni nusu saa kwa siku, kwa mwezi unachoma lita 15 mpaka 30 umesimama. Na kibaya zaidi injini ikiwa bila mzigo inapata moto polepole mno, gia boksi inapata kidogo, difu na tairi hazipati kabisa, kwa hiyo hata baada ya hiyo robo saa bado nusu ya gari ni barafu. Kinachopasha gari yote ni kuiendesha. Watengenezaji wengi wanasema washa, ngoja kama sekunde 30, ondoka taratibu. Mimi kwenye −30 nawasha alafu nakwangua vioo vyote kwa mkono, nikimaliza naondoka, na kilometa za kwanza sikanyagi mafuta kwa nguvu. Vioo lakini lazima vionekane vyote, hapo usibane hata tone, usiendeshe kwa kuchungulia katundu.

Na hili naomba kila mmoja alisikie: usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata dakika mbili, na usibonyeze rimoti kama hujui mlango wa gereji uko wazi. Ule moshi una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, inapenya mpaka vyumbani kwenye nyumba ambazo gereji imeungana nazo, na inaua watu usingizini. Theluji ikianguka usiku angalia kwanza bomba la ekzosi halijazibwa. Nunua kengele ya kugundua hiyo gesi uiweke karibu na vyumba vya kulala.

Badala ya kuiacha inaunguruma, tumia ule waya wenye plagi unaoning'inia mbele karibu na bampa. Nimekutana na watu wamekaa nao winta nzima hawajui ni wa nini. Hiyo ni hita ya injini, unaichomeka kwenye soketi ya kawaida, inapasha maji ya injini kabla hujawasha. Serikali ya Canada kupitia wizara yake ya maliasili inasema kwenye −20 inaweza kukupunguzia mafuta mpaka asilimia 10. Haihitaji usiku kucha, saa mbili zinatosha, ukizidisha unalipia umeme bure. Nunua taima ya nje, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi, kama unaondoka saa kumi na mbili iseti iwashe saa kumi alfajiri. Hita nyingi ni kati ya wati 400 na 1,000, kwa hiyo saa mbili ni uniti moja au mbili tu za umeme. Tumia waya wa ekstensheni wa nje wenye pini tatu, ukague kama haujachubuka, na uuning'inize pale kwenye kioo cha pembeni cha dereva usije ukaondoka nao. Mwenye fleti muulize meneja kama maegesho yana soketi, majengo mengi ya hapa yanazo. Na ukinunua pikapu iliyotoka majimbo ya kusini ya Marekani chungulia kwanza kama waya upo, nyingi hazina, fundi anaweza kuifunga.

Taima ina faida nyingine. Mnakumbuka tarehe 13 Januari 2024, simu za Alberta nzima zilipolia jioni kutuomba tupunguze umeme kwa sababu baridi ilikuwa imezidi na gridi imebanwa. Mwenye taima hita yake inawaka alfajiri watu wakiwa wamelala, haigombanii umeme na majiko ya jioni.

Tairi. Upepo unapungua karibu PSI 1 (PSI ndiyo kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 baridi inavyoshuka. Ulijaza 35 siku ya nyuzi 20, ikifika −30 utakuta 26 au 27, na tairi haijatoboka. Tairi laini inaburuza, inakula mafuta na inaisha pembeni. Pima asubuhi kabla hujatembea, jaza kwa namba iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva, siyo ile ya juu iliyoandikwa kwenye tairi yenyewe. Tairi za winta zinaongeza matumizi kidogo kwa sababu mpira wake ni laini na meno yake marefu, lakini hizo msiziache jamani, Alberta haikulazimishi ila barafu haijui sheria, na gharama ya kugonga mtu huwezi kuilinganisha na lita mbili tatu.

Kuna mambo mawili huna uwezo nayo. Moja ni petroli yenyewe, winta wanauza iliyochanganywa tofauti ili ipate mvuke kirahisi gari iwake, na hiyo ina nguvu kidogo pungufu kwa kila lita. Lingine ni hewa. Hewa ya −30 ni nzito kuliko ya nyuzi 20 kwa kama asilimia 20, na pikapu kwa umbo lake ni ukuta unasukuma hiyo hewa, kwa hiyo kwenye barabara ya kwenda Calgary ukitembea 110 unapigana nayo njia nzima. Hewa huwezi kuibadilisha lakini spidi unaweza, shuka mpaka 100 utaona tofauti, na kwenye barafu ndiyo salama pia.

Theluji iliyojaa kwenye bodi ya nyuma itoe. Ikishashindiliwa inafika kilo mia na zaidi, unaibeba kila siku bure. Kama unaweka mifuko ya mchanga nyuma ili tairi zishike, sawa, hiyo ina faida yake, ila ifunge isiteleze na iondoe mwezi wa nne. Na fo-wili ukishatoka kwenye theluji ukaingia lami kavu, rudisha kwenye tairi mbili. Watu wanaiacha imefungwa winta nzima, inazungusha vyuma vyote vya mbele, na kwa pikapu ambazo fo-wili yake ni ya kufunga moja kwa moja unaumiza transfa pia.

Wenye dizeli, mafuta yenu ya winta ni mepesi ili yasigande nta kwenye filta, na hayo nayo yana nguvu pungufu kwa lita. Kile kifuniko cha kuziba grili mbele kinasaidia injini za dizeli kushika joto, lakini macho yawe kwenye mshale, na ukivuta trela au baridi ikipungua, kifungue.

Sasa lini uende kwa fundi kweli? Kwanza pima mwenyewe, usitegemee dashibodi peke yake. Jaza tenki mpaka pampu ikate, tembea, jaza tena mpaka ikate, lita ulizoongeza zidisha kwa 100 gawanya kwa kilometa ulizotembea. Alafu angalia mshale wa joto kwenye safari ndefu. Kama umetembea nusu saa barabara kuu na bado mshale hauji katikati, hita ya ndani inatoa hewa vuguvugu, na labda taa ya injini imewaka na mashine ya fundi ya kupima inasoma kodi P0128, basi huenda thermostati yako, yaani kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imekwama wazi. Maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haipati moto hata siku moja, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta ikidhani ndiyo kwanza umewasha. Hicho kifaa kwa pikapu nyingi siyo cha bei kubwa. Usikubali kuuziwa plagi, injekta au chupa za dawa ya kumwaga kwenye tenki kabla fundi hajaiangalia thermostati kwanza.