Vijana wa nyaraka, geuzeni muhuri

Wadogo zangu, jana nimekuta tena kadi ya katalogi ya muhuri wa nta imeandikwa "wamonaki wa Merton". Nilishika kichwa. Karibuni sana kazini, ila hebu tusikilizane.

1. Merton, nyumba ya kidini iliyokuwa Surrey, Uingereza, haikuwa ya wamonaki. Waliokaa pale ni makanoni wa Kiaugustino, mapadre walioishi pamoja kwa Kanuni ya Mtakatifu Augustino, chini ya priori, mkuu wa nyumba. Gilbert, sherifu wa Surrey, aliianzisha nyumba hiyo mwanzoni mwa karne ya 12. Thomas Becket alisomea hapo utotoni, na mwaka 1236 mfalme Henry III na mabaroni wake wakapitisha hapo Sheria ya Merton. Watu wa namna hiyo waitwe jina lao.

2. Muhuri wa nta ushikwe kingoni, juu ya sponji. Basi.

3. Tarehe. Hapa nitakaa kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa boksi lenye muhuri wa Merton uliong'oka kwenye hati yake. Nilikuwa nimesoma kwamba chapa mpya ya nyumba hiyo, kifaa cha kugongea nta, ilianza kutumika 1241, nikaandika "1241" kwa kalamu ya wino, bila hata "takriban". Sikujua kutofautisha mama na mtoto. Chapa ndiyo mama: huchongwa mara moja, ikazaa mihuri ya nta vizazi na vizazi. Henry VIII aliifunga Merton 1538, mawe yake yakaenda kujenga kasri la Nonsuch. Kipande kile kingeweza kugongwa siku yoyote katika karibu miaka 300! Mwanafunzi mmoja alijenga sura nzima ya tasnifu juu ya tarehe yangu. Alipokuja kuniuliza nimeitoa wapi, nilikosa la kusema. Alifunga daftari polepole, akasema "asante kaka", akatoka. Miaka imepita, bado naisikia ile asante.

4. Geuzeni muhuri, jamani! Mbele ya muhuri wa Merton yuko Bikira Maria na Mtoto, na kadi zenu zinaishia hapo. Nyuma yuko Augustino, na Kilatini chenye vina: *Mundi lucerna nos Augustine guberna*, taa ya dunia, Augustino, utuongoze. Taa iwekwe ubavuni, isimulike kutoka juu. Asubuhi hii mmoja wenu aliishusha hadi usawa wa meza, LVCERNA ikainuka herufi moja moja, akatuita sote tuje tuone. Boksi linalofuata nimempa yeye.