Longonot kwa siku moja kutoka Nakuru: hesabu ianzie mwisho

Anayeulizia Longonot huanza na urefu wake. Mlima una mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na ukishaijua namba hiyo bado hujajua la kukufaa Jumamosi asubuhi. Swali lenye faida ni hili: mnataka kuwa mmerudi getini saa ngapi? Sisi husema saa nane mchana, isipite. Baada ya hapo jua limeshawachoma vya kutosha, mawingu ya mvua huanza kujikusanya, na bado mna matatu mbili za kutafuta kabla ya kuiona Nakuru. Ukishaishika saa hiyo, mengine yote utayapata kwa kurudi nyuma: saa ya kuamka, lita za maji, na nani abaki safari hii.

Njia yenyewe haina mafumbo. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkeno lililo juu ya mlima, ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni 7.2, kisha unashuka kwa njia ile ile uliyopandia. Jumla ni kilomita 13.4, na kati ya geti na kilele unapanda zaidi ya mita 600. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Longonot inakupa takriban saa tatu na dakika 40. Lakini Naismith hakuwa na kundi la watu kumi na wawili wanaopiga picha kila kona, wala hakuwa akitembea juu ya jivu la volkeno. Zidisha kwa moja na nusu. Unapata saa tano na nusu, na hiyo ndiyo hesabu ya kweli kwa watu wenye afya ya kawaida. Ongeza nusu saa ya kula, ziwe sita.

Basi rudi nyuma. Ili mtoke saa nane, na mbaki na nusu saa ya akiba, lazima mguu wa kwanza uvuke geti saa moja na nusu asubuhi. Nakuru hadi Naivasha ni kama kilomita 70, halafu unabadilisha gari uingie la barabara ya Mai Mahiu, ukishukia kituo cha Longonot. Hapo boda boda hukufikisha getini. Ukipiga hesabu ya matatu kungoja ijae, ni saa mbili na zaidi. Kwa hiyo mkutane stejini saa kumi na moja alfajiri, na hiyo ni saa ya gari kuondoka, si saa ya mtu kupiga simu aseme yuko karibu. Kundi likifika kumi na wanne, kodisheni matatu nzima. Mtaokoa muda mwingi, na gari litawangoja chini.

Wa Kisumu asijidanganye. Barabara peke yake itammaliza, aje alale Nakuru au Naivasha. Tena Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, Nakuru karibu 1,850. Mtu wa Nakuru anaamka akiwa ameshapanda sehemu ya mlima bila kujua. Anayetoka ziwani atahema mapema zaidi, na akiumwa kichwa huko juu asione aibu kusema. Kuanzia mita 2,500 hivi baadhi ya watu huanza kusumbuliwa na hewa nyepesi. Asiyetaka safari ndefu ana kilima cha Lirhanda, ndani ya msitu wa Kakamega: ni kifupi, na mapambazuko juu ya miti yanatosha kumwondoa mtu kitandani.

Malipo yafanyeni siku iliyotangulia. Mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hazipokei pesa taslimu. Unalipa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na kila mtu abebe kitambulisho, kwa sababu mwananchi asiye na cha kuonyesha hawezi kuthibitisha kwamba anastahili bei ya mwananchi. Hifadhi picha ya risiti kwenye simu. Kundi lenye watu watano wanaotafuta mtandao getini linapoteza nusu saa ya asubuhi, saa ile ya baridi ambayo ndiyo ya thamani.

Sasa viatu, maana ndivyo vinavyovunja safari kuliko mapafu. Wengi wetu tunanunua buti za mtumba, iwe ni soko la Kibuye kule Kisumu au soko lolote la Nakuru, na si kosa. Buti nzuri ya mtumba inashinda raba mpya. Ila ijaribu hivi. Ikunje katikati kama unayekunja chapati. Tazama ule ukanda laini ulio kati ya ngozi na soli ya chini. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za tope lililokauka, au ukiubonyeza kwa ukucha ukatoa unga, irudishe kwenye rundo. Ukanda huo mara nyingi ni wa poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewa huuozesha polepole hata kiatu kikiwa kabatini. Ndiyo maana buti inayoonekana mpya kabisa, iliyokaa stoo miaka mingi bila kuvaliwa, ndiyo ya kuogopa zaidi: itakupeleka vizuri hadi ukingoni, kisha soli inabanduka nzima kwenye kilomita ya sita. Beba kamba za viatu za ziada na kipande cha mkanda wa gundi. Soli iliyobanduka hufungwa kwa kupitisha kamba chini ya unyayo mara mbili na kukaza juu ya kifundo. Itakufikisha chini, kwa aibu kidogo.

Buti mpya kabisa kutoka dukani nazo zina shari yake. Zivae wiki mbili, kazini na sokoni, kabla ya mlima. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, kwa sababu wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele na kucha ndefu hugeuka nyeusi. Soksi ziwe za sufu au nailoni. Pamba ikilowa jasho haikauki, na malengelenge huanzia hapo. Ukihisi joto mahali pamoja pa mguu, simama hapo hapo ubandike plasta. Ukingoja hadi paume, umechelewa.

Maji: lita tatu kwa mtu anayezunguka, mbili kwa anayeishia ukingoni. Njiani hakuna kisima, bomba wala kibanda. Lita tatu ni kilo tatu mgongoni, na hapa ndipo watu huanza ujanja wa kusema watagawana. Hawagawani vizuri, anayebeba huwa mbele na mwenye kiu huwa nyuma. Kila mtu abebe yake, katika chupa mbili au tatu, ili moja ikimwagika isiwe yote. Pima hivi: ukimaliza lita moja kabla ya kufika ukingoni, na mwenzako bado ana nusu ya chupa ya kwanza, wewe ndiye wa kuangaliwa. Pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa kila watu wawili haina uzito wowote.

Chakula kisiwe cha sherehe. Viazi vitamu au nduma za kuchemsha, mayai mawili, ndizi, njugu karanga zenye chumvi. Chapati inafaa, mchuzi haufai. Mkate wenye siagi huyeyuka ukawa uji kufikia saa nne. Pombe iacheni Naivasha.

Kupanda kwenyewe kuna sehemu mbili tofauti. Kilomita ya kwanza ni tambarare, na twiga na pundamilia wakiwa karibu, kila mtu anatembea kama anakimbizwa. Zuieni mwendo. Mwendo sahihi ni ule ambao mtu anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata. Sehemu ya pili, mteremko ulio karibu na ukingo, umechimbwa na maji ya mvua ukawa mifereji mirefu ya jivu, mingine ya kina cha goti au zaidi. Wakati wa kiangazi jivu hilo ni vumbi laini kama unga wa ngano. Wa mbele anatembea, wa nyuma anakula. Acheni nafasi ya hatua kumi, na leso ya kufunika pua haitawahi kukosa kazi. Wakati wa mvua jivu hilo hilo huteleza, hivyo masika ya Machi hadi Mei tunayaacha. Januari na Februari ni nzuri kwa anga safi, Juni hadi Septemba kwa ubaridi.

Mkifika ukingoni, tazameni saa kabla ya kuitazama kreta. Hii ndiyo kanuni moja tusiyoilegeza. Kama ni saa tatu au saa tatu na nusu, zungukeni. Kama imepita saa nne na nusu, msizunguke, hata kama aliyetoka Kisumu amelala hotelini kwa ajili ya siku hii. Kaeni, kuleni, tembeeni nusu saa kuelekea upande wowote, mrudi. Kutoka hapo mlipo utaona msitu wote ulio ndani ya kreta na mvuke ukipanda kwenye kuta zake, hamjakosa mlima. Sababu ya ukali huu ni umbo la ukingo. Si njia bapa. Unapanda na kushuka vilima vidogo, kisha unakutana na nundu ya kilele yenyewe, ambapo mahali pengine utatumia mikono. Ukishapita kilele, kurudi nyuma ni mbali sawa na kwenda mbele, kwa hiyo aliyechoka hapo hana njia ya mkato. Amueni mkiwa bado na njia mbili za kuchagua.

Kushuka ndani ya kreta hakumo katika mpango wa siku moja. Kuta ni za wima na huko chini kuna nyati. Hata nje, asubuhi na mapema, nyati wanaweza kuwa vichakani karibu na njia, ndiyo sababu kundi litembee pamoja na watu waongee kwa sauti ya kawaida hadi mmeacha tambarare. Ukimwona, usikimbie, simameni pamoja, rudini nyuma polepole, mti uwe kati yenu naye. Moto na sigara ni mwiko. Machi 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mlima huu hadi ndani ya kreta, na nyasi za leo zinawaka sawasawa na zile.

Radi nayo ihesabiwe. Ukingoni hakuna pa kujificha. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ni kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, tokeni ukingoni mara moja, msikae chini ya mti ulio peke yake.

Kisha kushuka, ambako vifundo vingi hupotokea. Juu ya udongo mgumu kumelala vijiwe vidogo vya mviringo, na mtu aliyechoka hukanyaga kwa kisigino, mguu umenyooka. Hapo ndipo anapoteleza. Kunja magoti, fupisha hatua, weka unyayo mzima chini, na mahali pakali geuza mguu ukae upande. Fimbo moja ya kawaida inapunguza kazi ya magoti kwa namna ambayo utaisikia Jumapili. Mwenye kasi ndogo zaidi atangulie, na mtu mmoja mzoefu awe wa mwisho kabisa. Msimwache yeyote nyuma yake. Mtu akiteguka, mfungieni bandeji juu ya kiatu bila kukivua, maana kifundo kikivimba kiatu hakirudi. Nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Iandikeni kabla ya kuondoka, na simu moja ibaki imezimwa siku nzima kwa ajili hiyo tu.

Getini, mwageni jivu viatuni kabla ya kupanda boda, maana chembe zake husugua soksi hadi zikatoboka. Kituoni, wa Nakuru wasimame upande wa magari yanayoelekea Naivasha, wakiwa na chenji mkononi. Yakipita mawili au matatu yamejaa, pandeni wawili wawili, mkutane Naivasha.