Vijineno vya Kiingereza na mtego wa Kiswahili chetu

"Hippopotamus" ni kiboko, basi, ukishalijua limekwisha. Lakini "at", "by", "if" na "a" humsumbua mtu miaka kumi baada ya kumaliza shule, kwa sababu vijineno hivi havina tafsiri, vina kazi. Kamusi ikikupa maana sita za "by", unafunga kamusi umechanganyikiwa kuliko ulivyoifungua.

Njia inayofaa zaidi ni kuanzia upande wetu. Kwenye daftari, juu ya ukurasa usiandike neno la Kiingereza, andika la Kiswahili: -ni, mpaka, -ki-, kwa. Chini yake orodhesha Kiingereza kimeligawa mara ngapi, na kila mgawo uupe sentensi yake nzima. Makosa mengi hutokea pale ambapo sisi tuna kifaa kimoja na wenzetu wana vitatu.

Chukua -ni. Chakula kimewekwa mezani, wageni wameketi mezani: sisi tumetumia neno lilelile, Kiingereza kinadai "on the table" kwa chakula na "at the table" kwa wageni. Hapo -mo inasaidia. Kama sentensi inakubali imo au yumo (kalamu imo mkobani), andika "in". Kama kitu kimegusa uso wa kingine, ukutani au sakafuni, ni "on". Kama ndani na juu havikuhusu, unataja mahali kama nukta tu, yaani mlangoni, kituoni, kazini, ni "at". Vyombo vya usafiri vina desturi yao: unamoweza kusimama na kutembea, kama basi, treni, meli au ndege, ni "on"; gari dogo na teksi ni "in". Baiskeli na pikipiki unazikalia juu, kwa hiyo "on".

Kwenye wakati, "at" ni ya saa, "on" ya siku na tarehe, "in" ya mwezi na mwaka: at 7 o'clock (ambayo kwetu ni saa moja, usisahau), on Monday, in May, in 2019. Asubuhi ni "in the morning" lakini usiku ni "at night", na hilo halina hoja, likariri tu. Ila siku ikitajwa, siku ndiyo inayotawala: "on Friday morning", siyo "in Friday morning".

Mpaka nayo huponza, hasa kwenye barua za kazini. "I will finish the report until Friday" ni kosa. Jiulize: jambo linaendelea muda wote hadi Ijumaa, au linatokea mara moja, siku yoyote isiyopita Ijumaa? La kuendelea ni "until": I will stay until Friday. La mara moja ni "by": I will finish by Friday.

Kiambishi -ki- ndicho chenye hila zaidi. "Akija" yaweza kuwa "if he comes" au "when he comes", na Mswahili haoni tofauti mpaka aseme "if I die" badala ya "when I die", wasikilizaji wadhani ana mpango wa kuishi milele. Jaribu kubadilisha: kama atakapokuja inakaa vizuri, tumia "when", kama iwapo atakuja ndiyo inayokaa, tumia "if". Kisha jihadhari na ile -ta-. Sisi tunasema utakapofika, ndiyo maana watu huandika "when you will arrive". Kiingereza hakitaki "will" hapo: "When you arrive, I will call you." Wakati ujao unakaa upande mmoja tu wa sentensi.

Vitenzi vyetu navyo humeza vihusishi. Nisubiri, nisikilize, nieleze: yule -ni- amemaliza kazi yote, hivyo tunaandika "wait me", "listen me", "explain me". Kiingereza kinadai wait for me, listen to me, explain to me. Halafu kuna kosa la kinyume, la kuongeza pasipohitajika: "discuss about" na "answer to me". Discuss na answer hushika kitu chake moja kwa moja.

Kuhusu "a" na "an", sikiliza sauti, usitazame herufi: an hour, a university, an MP. Kikubwa zaidi ni kwamba herufi hiyo moja inaweza kugeuza maana. "A few people came" ni kwamba watu kadhaa walikuja. Ukiidondosha "a", ukasema "few people came", unalalamika kwamba waliokuja ni wachache mno. "A little" na "little" ni vivyo hivyo.

Mwisho ni "yes" na "no" mbele ya swali la kukanusha. Ukiulizwa "Hujala?", ndiyo yetu inakubaliana na muulizaji: ndiyo, sijala. Kwa Kiingereza swali halijalishi, kinachoangaliwa ni kitenzi cha jibu lako. Kikiwa cha kukanusha, anza na "no": "No, I haven't." Ukisema "yes" pekee, wataelewa umeshiba. Ukibabaika, acha yote mawili useme tu "I haven't eaten."