Kwa nini LHC haiwashwi mwaka mzima? Jibu la mtu aliyekaa zamu

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo matatu: kwa nini mashine ya gharama kubwa kama LHC (ile ya kugonganisha protoni, yaani chembe za kiini cha atomu, iliyoko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva) inazimwa kila mwisho wa mwaka badala ya kupigishwa kazi miezi yote kumi na miwili, nani anaamua wiki hii wagonganishe nini, na kama mtu aliyeko Dodoma anaweza kupata nafasi ya kushiriki. Wadau waliotangulia wamekujibu "bajeti" na "matengenezo". Hawajakosea, ila hapo hawajagusa kinachowakosesha watu usingizi kule. Mimi nilikaa zamu kwenye mojawapo ya detekta zake (vifaa vikubwa vinavyorekodi migongano) kwa misimu kadhaa nikiwa mwanafunzi wa uzamivu, na msimu mmoja nikaingizwa kwenye kikundi kidogo kinachoandaa ratiba ya upande wetu. Jina la detekta naliacha, maana huko chini nitasimulia nilivyoharibu kazi.

Kwanza weka kando hesabu ya siku. Kule wanahesabu luminositi, yaani wingi wa migongano mashine iliyokupa, na kipimo chake ni femtobani kinyume. Run 2 yote (kipindi kirefu cha pili cha kazi), kuanzia 2015 hadi 2018, iliiachia ATLAS, mojawapo ya detekta hizo, data ya kama 140 zilizofaa kuchambuliwa. Mwaka 2024 peke yake mashine ilitoa zaidi ya 120. Kwa hiyo ukiniambia "tulifanya kazi siku 150" bado hujaniambia kitu.

Sasa mwaka unavyoliwa. Umeme ndio wa kwanza. CERN nzima hutumia takribani terawati-saa 1.3 kwa mwaka mashine ikiwa kazini, sehemu kubwa ikitoka Ufaransa, na majira ya baridi ndiyo wakati ambao nyumba za Wafaransa zinauhitaji umeme huo kwa joto. Mwaka 2022, bei ya nishati ilipopanda Ulaya, msimu ulifungwa mapema kwa wiki mbili, tarehe 28 Novemba. Mafundi nao wanaisubiri baridi hiyo hiyo, kwa sababu huwezi kuingia kwenye handaki wakati protoni zinazunguka.

Mashine ikirudi, haiwashwi kama taa. Kuna sumaku kubwa 1,232 za kupinda njia ya protoni, zinazopoozwa kwa heliamu hadi Kelvini 1.9. Wanajaribu saketi moja moja, wanazungusha mafungu machache ya protoni, wanaongeza, wanasubiri, wanaongeza tena. Wiki kadhaa zinakwenda hivyo na vijana wapya huwa wanalalamika. Wazee hawalalamiki, wanaikumbuka 19 Septemba 2008: siku tisa tu baada ya mwale (mkondo wa protoni) wa kwanza kuzunguka, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku kikafeli, tani kadhaa za heliamu zikamwagika handakini, na mashine ikakaa kimya hadi Novemba 2009.

Halafu hata msimu ukiwa umekolea, muda wa migongano iliyotulia ni karibu nusu tu ya saa zote. Watu wengi hili hawalijui. Ili ugonganishe lazima ujaze: protoni zinaingia kutoka SPS, mashine ndogo inayoilisha LHC, zikiwa na nishati ya gigaelektronivolti 450, zinapandishwa kwa kama dakika 20 hadi teraelektronivolti 6.8 kila upande, kisha miale inabanwa na kukutanishwa. Kila kitu kikienda sawa, toka kumwaga mwale wa zamani hadi kugonganisha mpya ni zaidi kidogo ya saa mbili. Kikienda kombo, ni nusu siku.

Baada ya hapo mwale unaweza kukaa saa kumi, kumi na mbili, huku protoni zikipungua taratibu. Umwage saa ngapi? Ukimwaga mapema, unalipia tena gharama ya kujaza. Ukichelewa, unakaa na mwale mwembamba usio na faida. Waliopanda daladala wanaielewa hesabu hii: dereva ana abiria wanne na kituo cha mwisho kiko mbali, aendelee au akatishe ruti ageuze? Tofauti ni kwamba siku hizi wanaishikilia luminositi isipande juu ya kiwango fulani kwa saa nyingi za mwanzo, kwa sababu sumaku zilizo karibu na detekta haziwezi kupoozwa zaidi ya hapo, na detekta zenyewe zinazidiwa. Katika Run 3 (iliyoanza 2022) mafungu mawili yakipishana unaweza kupata migongano 60 hivi kwa mpigo mmoja, yote ndani ya detekta moja, na triga (mfumo wa kuchuja matukio) ina muda mfupi mno wa kuamua kipi kihifadhiwe. Mafungu hupishana kila nanosekunde 25. Kinachoandikwa kwenye diski ni matukio elfu chache kwa sekunde, mengine yote yanapotea moja kwa moja.

Nani anaamua? Hapa ndipo kuna siasa, ya heshima lakini siasa. Kila detekta kubwa ina kikundi chake: ATLAS na CMS wanataka migongano mingi kadiri inavyowezekana. LHCb wanataka kiasi, lakini kisichopanda na kushuka. ALICE wamejengwa kwa ajili ya ioni nzito (viini vya atomu nzito), kwa hiyo kiu yao ni ule mwezi mmoja hivi, kwa kawaida mwishoni mwa msimu, wa kugonganisha risasi (ile metali, si ya bunduki). Wenye mashine nao wanadai siku zao za kujaribia mbinu mpya. Kuna waratibu wanaokaa katikati ya mashine na majaribio, wanakusanya maombi ya kila mmoja, wanapeleka rasimu, inarudi na wino mwekundu, na neno la mwisho linatoka kwa uongozi. Ratiba ikishatoka, kila wiki inapanguliwa kidogo.

Na maombi mengine yanaonekana ya ajabu kwa mtu wa nje. Novemba 2017 protoni ziligonganishwa kwa jumla ya teraelektronivolti 5.02 tu wakati mashine ilikuwa inaweza 13. Kwa nini urudi nyuma? Kwa sababu risasi ilikuwa imegonganishwa kwa nishati hiyo kwa kila jozi ya nukleoni (protoni au nyutroni za ndani ya kiini), na bila protoni za nishati ile ile huna cha kulinganisha nacho. Julai 2025 ikaja zamu ya oksijeni na neoni, siku chache tu, na watu walikuwa wameisubiri kwa miaka.

Ila kama ungeniuliza siku ipi nisingekubali ifutwe, ningekutajia ya skani ya van der Meer. Simon van der Meer aliitunga mbinu hii mwaka 1968, miaka 16 kabla ya kupata Nobeli kwa kazi nyingine. Unaweka mafungu machache, unayatenganisha kabisa, kisha unauvusha mwale mmoja juu ya mwingine hatua kwa hatua huku ukihesabu migongano. Mchoro unaopata unakuambia upana halisi wa miale, na hapo ndipo unapojua luminositi yako ni kiasi gani kweli. Siku hiyo haina data ya kutangaza gazetini. Wanafunzi wanaiona ni siku iliyopotea, nami niliiona hivyo. Lakini ATLAS waliweza kusema luminositi ya Run 2 wanaijua kwa kosa la asilimia 0.83 tu kwa sababu ya siku kama hizo, na kila kipimo cha "mchakato huu unatokea mara ngapi" kinagawanywa kwa namba hiyo. Ikiwa na kasoro, kila kitu kina kasoro.

Sasa aibu yangu. Tulipewa ujazo maalumu (mashine kujazwa mara moja kwa ajili ya kazi yetu) wa mwale mwembamba, saa chache tu, tuliouomba wenyewe kwa barua na vikao. Nilikuwa nimeandaa karatasi ya mpango: nani akae wapi, mpangilio upi wa triga, saa ngapi tubadilishe. Nilichosahau ni jedwali la vigawanyo, lile linaloiambia triga "kwa kila matukio mia ya aina hii, chukua moja". Lilibaki la siku za kawaida. Mwale ukaja saa tisa usiku, migongano ikaanza, tukapongezana kwa kahawa ya mashine. Dakika kama arobaini baadaye dada mmoja wa zamu ya ubora wa data akauliza kwa upole kabisa, "Kaka, hii kasi ya kuandika si ndogo mno?" Tulikuwa tunatupa karibu kila tulichokuja kukichukua. Jedwali lilibadilishwa ndani ya dakika mbili. Zile arobaini hazikurudi, na asubuhi nililazimika kusimama kwenye kikao cha saa tatu nikaeleza.

Tangu hapo sikukubali ujazo maalumu bila mazoezi ya siku moja kabla, mpangilio ule ule, tukitumia miale ya anga (chembe zinazotushukia kutoka angani) badala ya protoni za mashine. Na niliacha kuvipanga vitu adimu mwisho wa msimu. Aprili 2016 mnyama mdogo jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma ya kilovolti 66 akasababisha shoti, mashine ikasimama siku kadhaa. Tarehe 17 Julai 2023 mti uliangukia nyaya za umeme huko Uswisi, hitilafu ikafika kwenye sumaku, heliamu ikavuja, na msimu wa kawaida wa protoni haukurudi mwaka ule. Vuli ikaenda kwa ioni za risasi. Aliyekuwa amejiwekea kazi yake ya protoni Septemba akisema "muda upo" alisubiri mwaka mzima.

Kuhusu Dodoma: ndiyo, inawezekana, ila mlango ni chuo au kikundi kilicho mwanachama wa jaribio. Ianzie kwenye Shule ya Afrika ya Fizikia, inayohamahama nchi hadi nchi. Mwaka 2016 ilikuwa Kigali, na baadhi ya niliokutana nao kazini walipitia humo. Baadhi ya zamu, hasa za kukagua ubora wa data, zinafanyika kwa mbali ukiwa na intaneti isiyokatika. Ratiba iliyotangazwa inaweka mwisho wa Run 3 katikati ya 2026, kisha mapumziko marefu ya miaka kadhaa ya kuiongezea mashine nguvu, kwa hiyo anayeanza shahada leo ajipange kwa ile itakayorudi.

Halafu kuna ukurasa wa wazi wa hali ya LHC mtandaoni. Mashine ikiwa kazini unaona hata mstari wa mwale unavyopungua. Uangalie siku mbili tatu mfululizo, uandike saa za kujaza na saa za kugonganisha, ulete hapa tuhesabu pamoja.