Kumtafuta babu aliyekuwa baharia wa meli za biashara, 1939–1945

Ndugu, kwa kuwa unataka kujua babu yako alihudumu katika meli zipi za biashara za Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, anza na kitabu chake cha ubaharia ikiwa familia bado imekihifadhi, kwani ndani yake mna namba yake ya usajili, jina la kila meli na tarehe za kupanda na kushuka. Ikiwa kimepotea, Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, London, zina daftari za usajili wa mabaharia kuanzia 1941 katika mfululizo wa BT 382 (BT ni kifupi cha Board of Trade, Bodi ya Biashara ya Uingereza).

Ukishapata jina la meli, tafuta namba rasmi ya usajili wa meli hiyo, kwa sababu mikataba ya mabaharia ya 1939 hadi 1950, iliyo katika BT 381, imepangwa kwa namba hiyo, wala si kwa jina la mtu. Kadi za BT 389 zitakuonyesha bandari ambazo meli ilipitia.

Nakusihi usikate tamaa usipomkuta katika orodha ya medali, BT 395. Medali hizo zilitolewa kwa aliyeziomba tu, na wengi waliohatarisha maisha yao baharini hawakuziomba kamwe. Tafuta pia jina lake kwa tahajia mbalimbali, hasa likiwa la Kiafrika, la Kiarabu au la Kihindi, maana makarani waliliandika kama walivyolisikia.